Vitambaa Tisa vya Dobi

Ndugu zangu, akina mama kwa akina baba, na hasa nyinyi mashangazi na madada wakubwa ambao hakuna mtoto anayezaliwa mtaani bila nyinyi kuwepo, naomba masikio yenu. Habari hii si ya mlevi, wala si ya mtu aliyeitelekeza familia yake. Ni ya mwanamke mchapakazi, msafi kupindukia, aliyempenda mdogo wake kuliko alivyojipenda mwenyewe, akamponza kwa usafi uleule tuliokuwa tukimsifia.

Alikuwa dobi, na sisi majirani tulimwita hivyohivyo, Dobi, kana kwamba hakuwahi kupewa jina jingine. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mtaani, vyumba viwili nyuma na ua mpana mbele wenye kamba sita. Asubuhi ukipita ungeona mashuka ya nyumba za wageni yamejipanga kwenye kamba, meupe hadi yanaumiza macho. Dobi aliloweka, akafikicha, akasuuza mara tatu, akaanika. Kupiga pasi ilikuwa kazi ya mdogo wake. Mama yao alipofariki, Dobi alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa na mdogo wake ana sita, akamlea yeye, akamsomesha yeye, akamwoza yeye. Alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao.

Utani wa mtaani ulikuwa kwamba mvua ikimnyeshea Dobi inatakata. Mume wa Kitinda alikuwa fundi rangi, mtu mpole mwenye madoa hadi kwenye kope, na Dobi hakuchoka kumwambia, "Shemeji, zunguka huko nyuma. Ukikaribia kamba zangu mashuka yanajikunja yenyewe." Fundi naye angezunguka huku anacheka. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokuwa, na mimi sikuwahi kusikia ugomvi ndani yake.

Siku moja Kitinda, mimba yake ikiwa ya miezi saba, aliweka pasi pembeni akasema, "Dada, safari hii sitaki ile sindano."

Dobi alikuwa amejaza vibanio mdomoni. Akavitoa. "Sindano gani?"

Kitinda akaeleza. Alipojifungua binti yake wa kwanza hospitalini, miaka minne nyuma, mtoto alipotoka tu yeye alichomwa sindano ya pajani, kitovu kikakatwa, kondo la nyuma likavutwa. Baada ya hapo alitapika, akatetemeka, akazimia, na mtoto wake hakumshika hadi jioni. Kwa miaka yote minne alikuwa akiilaumu sindano ile. Sasa alikuwa amesikia kliniki kwamba mwanamke anaweza kusubiri kondo litoke lenyewe, mtoto akiwa kifuani, bila sindano na bila kuvutwa. Alitaka hivyo. Aliutaka ule muda wa mwanzo na mtoto ambao mara ya kwanza aliukosa.

Dobi alirudisha vibanio mdomoni, akaendelea kuanika.

Hapa, ndugu zangu, lazima niwaambie jambo ambalo Kitinda hakulijua. Siku ile ya kwanza hakuzimia kwa sababu ya sindano. Alizimia kwa kutokwa na damu. Dobi alikuwepo, aliona wauguzi wanavyokimbizana, na mambo yalipotulia ni yeye aliyefunga furushi la vitambaa kumi na viwili vilivyolowa chapachapa, akavibeba hadi nyumbani na kuvifua kabla mtu yeyote hajaviona. Mgonjwa alipozinduka alikuta shuka jeupe. Fundi rangi alipofika alikuta shuka jeupe. Muuguzi aliandika yote kwenye kadi, na kadi hiyo ilibaki mfukoni mwa gauni, na gauni likaingia karaini. Dobi aliifua kadi pamoja na gauni. Kwa muda mrefu hicho kilikuwa kichekesho cha familia, kwamba Dobi amefua mpaka maandishi ya daktari.

Kwa nini hakumwambia mdogo wake? Alimwonea huruma. Isitoshe, kwa Dobi damu ya uzazi ilikuwa siri ya wanawake, jambo la kufutwa haraka, lisizungumzwe mezani. Lilikuwa limeshafuliwa, basi limekwisha.

Wiki iliyofuata walikwenda wote watatu, Kitinda, mumewe na Dobi, kwenye kituo cha uzazi, mitaa miwili kutoka nyumbani. Mkunga wa pale alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, kucha zilizokatwa mpaka mwisho. Alimsikiliza Kitinda bila kumkatiza. Kisha akamwambia kwamba kusubiri kondo litoke lenyewe ni haki yake na si ujinga, wapo wanawake wengi wanaofanya hivyo wakabaki salama. Lakini hakumficha: sindano ile inapunguza sana hatari ya kuvuja damu, na anayeamua kuiacha anapaswa kuwa mtu mwenye damu ya kutosha, mimba isiyo na matatizo, na ambaye hajawahi kutokwa na damu nyingi kwenye uzazi uliopita.

Alimpima damu, ikawa nzuri. Presha ikawa nzuri. Akaomba kadi ya uzazi wa kwanza.

"Dada aliifua," alisema Kitinda, na wote wakacheka, hata mkunga.

Mkunga akamgeukia Dobi. "Wewe ulikuwa naye siku ile. Damu ilikuwa nyingi?"

Fundi rangi alikuwa ameketi palepale, kofia mkononi. Dobi alimtazama shemeji yake, akatazama sakafu. Vitambaa kumi na viwili vilimjia kichwani kama alivyovikunja siku ile. Haya ikamshika. Aliona kusema mbele ya mwanamume ni kumvua nguo mdogo wake, na aliona pia jinsi Kitinda anavyomsubiri, macho yamejaa tumaini.

"Ilikuwa ya kawaida," alisema Dobi.

Mkunga akaandika. Akasema basi, watasubiri, ila kwa masharti. Saa moja tu. Damu ikizidi, au Kitinda akijisikia vibaya, au saa ikiisha kondo halijatoka, atamchoma sindano na hapatakuwa na mjadala. Kitinda akakubali kwa furaha, akamshika mkono mkunga kwa mikono yake yote miwili. Njiani kurudi alitembea mbele yao kwa mwendo wa mtu aliyepewa zawadi.

Siku zilifika. Uchungu ulimwanza Kitinda alfajiri, na kulipokucha vizuri walikuwa kituoni. Dobi alikuja na furushi lake. Hakutaka kabisa mdogo wake alalie mpira wa kitanda cha kituo, kwa hiyo alikuwa amekata mashuka ya zamani akapata vitambaa kumi na vitano, akavichemsha, akavipiga pasi mwenyewe mpaka vikawa vinanukia jua. Mkunga alivipokea akatabasamu, akasema hajawahi kuona vitambaa vya namna hiyo hata hospitali kubwa.

Saa nne asubuhi mtoto alizaliwa, wa kiume, mwenye sauti. Mkunga alimweka moja kwa moja kifuani kwa mama yake. Hakukata kitovu. Aliacha kipige mpaka kikatulia chenyewe, kikawa cheupe na kilegevu, ndipo akakata. Kitinda alilia machozi ya furaha. Alimnusa mtoto kichwani, akamwangalia vidole kimoja kimoja, akamwambia dada yake, "Unaona? Unaona nilichokuwa nakitaka?" Dobi naye machozi yalimtoka, na nasema kweli, kama habari ingeishia hapo ingekuwa habari nzuri kuliko zote nilizowahi kusimulia.

Dakika ishirini zilipita. Kondo lilikuwa bado. Damu ilikuwa kidogo, mkunga aliitazama kwenye kitambaa cha kwanza akaridhika. Papo hapo akaitwa chumba cha pili. Mwanamke mwingine alikuwa ameletwa, na mtoto wake alikuwa ametanguliza miguu. Kituo kile kilikuwa na mkunga mmoja na msaidizi mmoja tu, na wote wawili walihitajika kule.

Mlangoni mkunga aligeuka akamwambia Dobi, "Nipo ukuta wa pili. Mtoto aendelee kunyonya. Vitambaa msitupe hata kimoja. Damu ikiongezeka, niite."

Dobi akaitikia. Na neno lake alilishika kikamilifu. Hakutupa hata kimoja.

Aliona kitambaa kimelowa, akakivuta, akaingiza kikavu chini ya mdogo wake. Kilicholowa alikipeleka nyuma ya kituo, penye bomba na ndoo, akakitumbukiza kwenye maji baridi. Dobi yeyote atakuambia: damu hungoji ikauke, na huimwagii maji ya moto. Aliporudi alikuta cha pili kimelowa. Akafanya vilevile. Akarudi akakuta cha tatu. Damu haikuwa inaruka wala kumwagika, wala hapakuwa na jambo la kumfanya mtu apige kelele. Ilikuwa inatiririka taratibu, bila kukoma, na kila ilipopata mahali pa kuonekana mkono wa Dobi uliiondoa. Hakuhesabu. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi iliyoizoea kwa miaka ishirini, na moyo wake ulitulia kwa kufanya kazi hiyo.

"Dada," alisema Kitinda, "ni nyingi?"

"Hapana, mdogo wangu. Ni kawaida."

"Nasikia baridi."

Dobi akamfunika kwa kanga yake mwenyewe, akamkunjia pembe chini ya miguu kama alivyokuwa akifanya enzi za utoto wao.

Mkunga alichungulia mara moja, glavu zikiwa na damu ya yule mwingine, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Aliona shuka jeupe limenyooka. Aliona mtoto ananyonya, mama kafumba macho kama anayesinzia. Akauliza damu inaendeleaje.

"Kidogo tu," alisema Dobi. "Nimeshasafisha."

Mkunga akarudi ukuta wa pili. Yeye naye, hadi leo, anajilaumu kwa kutoingia na mguu wa pili. Alisema baadaye kwamba weupe wa lile shuka ndio uliomlaghai.

Hazikupita dakika kumi, Kitinda alishtuka kama mtu aliyesukumwa. Kondo likatoka, na nyuma yake ikaja damu ambayo sasa hakuna kitambaa kingeweza kuificha. Dobi aliita. Mkunga aliingia mbio, akachoma sindano, akakandamiza tumbo na kulisugua kwa nguvu, akatundika dripu, akamtuma msaidizi aite gari. Huku mikono yake ikifanya kazi alitazama chini ya kitanda, akatazama kwenye beseni, akatazama meza. Hakuona kitu.

"Vitambaa viko wapi? Kabla ya hii, kavuja kiasi gani?"

Dobi alinyoosha mkono kuelekea nyuma. Msaidizi alikimbia akarudi na ndoo mbili, moja kila mkono, akaziweka sakafuni. Mkunga aliinama akavitoa vitambaa kimoja baada ya kingine kwa mkono mmoja, maji mekundu yakichuruzika hadi kiwiko. Vilikuwa tisa. Hakumgombeza Dobi. Alisimama tu akasema gari liharakishwe, na sauti yake ya chini ilikuwa imebadilika.

Kitinda alifariki njiani, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya dada yake, kabla gari halijafika lango la hospitali. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Dawa ilikuwepo, ndani ya friji ndogo hatua kumi kutoka kitandani pake, na mtu wa kuichoma alikuwa ukuta wa pili. Hilo ndilo linaloniumiza kila ninapolisimulia, na silipunguzi.

Walimzika kesho yake. Siku ya tatu Dobi alikwenda kituoni kuchukua zile ndoo mbili. Hakuna aliyethubutu kuzimwaga. Alizibeba hadi uani, akafua vitambaa vile tisa peke yake, akafikicha, akasuuza mara tatu. Vikatoka vyeupe. Alivigeuza upande huu na upande ule akitafuta hata alama moja, hata kivuli cha doa, hakukipata. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri mno. Ndipo alipokaa chini kwenye matope ya karo, pale anapofulia, akalia kwa sauti, na sisi majirani tukatoka nje tukasimama. Mashuka ya nyumba za wageni yalikaa siku nyingi yamerundikana bila kunyooshwa, maana mpiga pasi hayupo.

Jioni moja fundi rangi alikuja kumwona binti yake na mtoto mchanga, ambao Dobi alikuwa nao. Alikuja moja kwa moja kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya kamba na madoa yake, na Dobi hakumwambia azunguke.

"Shemeji, keti," alisema Dobi. "Nina neno."

Fundi akaketi.

"Mara ya kwanza vitambaa vilikuwa kumi na viwili. Ile siku ya binti yako. Haikuwa sindano iliyomzimisha, ilikuwa damu. Mkunga aliniuliza mbele yako, nikasema ya kawaida."

Fundi rangi alibandua rangi kavu kwenye ukucha. "Ningejua," alisema mwishowe, "ningemsihi achomwe. Na angekubali. Hakuwa mbishi."

"Najua."

"Alikuwa anaiogopa sindano bure."

"Najua, shemeji. Mimi ndiye niliyemwachia aogope."

Dobi alitarajia matusi. Angeyapokea, na nadhani yangempunguzia. Fundi hakumtukana. Alimchukua mtoto mchanga akamweka begani, akasimama kutaka kuondoka, kisha akatazama ndani ya chumba cha pasi. Nyuma ya mlango lilining'inia gauni la Kitinda la kazini, lile alilolivaa siku ya mwisho kabla ya uchungu, kola imejaa jasho, mfukoni vibanio viwili.

"Lile gauni," alisema. "Tafadhali usilifue."

Dobi hajalifua. Linaning'inia mpaka leo, nguo pekee chafu ndani ya nyumba ile.

FUNZO

Ndugu zangu, msitoke hapa mkisema kwamba Kitinda aliuawa na uamuzi wake. Kutaka kondo la nyuma litoke lenyewe si kosa, na mkunga alimwambia hivyo kwa haki. Kosa lilikuwa kwamba aliamua bila kujua habari ya mwili wake mwenyewe, kwa kuwa aliyeijua aliifua na kuianika. Mwanamke akichagua njia hiyo, achague akiwa ameambiwa ukweli wote: alivuja kiasi gani uzazi uliopita, damu yake inatosha au haitoshi, sindano inasaidia nini. Ambaye amewahi kuvuja damu nyingi asiiache sindano hiyo. Na hata aliyechagua kusubiri ana ruhusa ya kubadili mawazo dakika yoyote, bila kuona haya.

Nyinyi mnaomsindikiza mzazi, haya yenu iacheni mlangoni. Mkunga akiuliza, jibuni, hata kama shemeji, baba mkwe au nani ameketi hapo. Mkishindwa kabisa, mwombeni mkunga mzungumze pembeni. Kitambaa kilicholowa kiacheni palepale mkunga akione na akihesabu, kwa kuwa ndicho kinachomweleza hali ya mgonjwa wenu. Damu inayotoka taratibu bila kukoma inaua sawasawa na inayomwagika. Mzazi akisema anasikia baridi, au kizunguzungu, au akianza kusinzia ovyo, usimfunike ukakaa. Ita mtu, na ita kwa sauti.

Siku hizi Dobi huenda kituoni kila siku ya kliniki, akiwa amebeba vitambaa vyeupe vya kuwagawia wanawake. Kila anapompa mmoja, humshika mkono yule dada au mama aliyemsindikiza, akamwambia jambo moja tu: "Vikilowa, viache hivyohivyo. Kufua nitakuja mimi."